Mitungi ya Troy na Orodha za Pylos

Filamu za dokumentari kuhusu Wagiriki wa kale zimekuwa nyingi siku hizi. Vijana wanazipakua mjini, wanazihamishia kwenye memori kadi, na baada ya wiki moja zimeshazunguka kambi nzima. Ukizitazama utaona kofia za vita zinazong'aa, meli zinazokata mawimbi, na mtu mmoja mwenye suruali ya jinzi anayetembea juu ya magofu. Halafu sauti nzito inauliza: Je, vita vya Troy vilitokea kweli?

Kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video anajua nguvu ya sauti inayowekwa juu ya picha. DJ anayetafsiri filamu ya Kichina anaweza kumgeuza polisi akawa shemeji wa jambazi, na sisi tunacheka na kuendelea. Dokumentari nayo ina DJ wake. Tofauti ni kwamba huyu anaongea taratibu, hatanii, na nyuma yake kuna profesa. Ndiyo maana tunamwamini haraka. Lakini naye anachagua: hiki nitakisema, hiki nitakiruka, hapa nitaweka muziki wa kutisha.

Nimezifuatilia filamu hizi kwa muda, na vitabu vinavyoeleza uchimbaji wenyewe, na kuna jambo moja nataka tuliangalie pamoja. Kwa zaidi ya miaka 150 watu wamechimba kilima cha Troy wakiwatafuta mashujaa: Achilles, Hector, Agamemnon. Hawajapata hata kaburi moja lenye jina la shujaa. Walichopata ni vyumba vilivyobanana ndani ya ukuta na mitungi ya chakula iliyozikwa sakafuni. Na ng'ambo ya bahari, upande wa Wagiriki, wamepata orodha za mgao za wanawake na watoto. Filamu nyingi huvipita vitu hivi haraka. Kwetu sisi tunaoishi kambini, naona hapo ndipo penye habari yenyewe.

Hekaya inasema nini

Hekaya kwa ufupi ni hii. Paris, mwana wa mfalme Priam wa Troy, alimchukua Helen, mke wa mfalme wa Sparta, akaenda naye kwao. Wagiriki wakakusanya meli zaidi ya elfu moja chini ya Agamemnon, wakavuka bahari, wakauzingira mji miaka kumi. Mwishoni waliingia kwa hila ya farasi wa mbao, wakachoma mji, wakaua wanaume, wakachukua wanawake.

Watu wengi wanadhani haya yote yamo kwenye Iliad, utenzi mrefu unaohusishwa na Homer, ambao wataalamu wengi wanauweka karne ya 8 kabla ya Kristo. Kumbe Iliad inasimulia wiki chache tu za mwaka wa kumi wa vita, na inaishia kwenye mazishi ya Hector. Farasi wa mbao hayumo. Anatajwa kwenye utenzi wa pili, Odyssey, na kuelezwa kwa urefu na washairi wa baadaye. Ule mzingo wa farasi na moto tunaouona kwenye kila filamu umeshonwa kutoka vitambaa vingi.

Sasa wengine husema: kama ni utenzi, basi ni uongo. Hapana, tusiende mbio. Sisi tunazijua tenzi. Kwa Wanyanga wa mashariki mwa Congo kuna masimulizi ya shujaa Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliyaimba na kuyasimulia kwa siku 12 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck, yakaandikwa. Thamani yake haikungoja mtu achimbe kaburi la Mwindo. Na kule pwani kuna Utenzi wa Tambuka, wa Pate, mwaka 1728, unaosimulia vita vikubwa kati ya Waislamu na Herekali, yaani Herakleios, mfalme wa Konstantinopoli aliyetawala Wagiriki wa zama zake. Historia ya Kiislamu yenyewe inaeleza kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi bila pigano kubwa. Lakini utenzi uliota hapo hapo, ukakua, ukawapa watu wa Pate maana ya ushujaa na imani.

Kwa hiyo utenzi si ripoti, wala si uongo mtupu. Unabeba vitu vya kweli bila kuvipanga kwa tarehe. Mfano mzuri ni chapeo. Iliad inaeleza kofia ya vita iliyoshonewa vipande vya meno ya nguruwe mwitu. Wanaakiolojia wamefukua kofia za namna hiyo katika makaburi ya zama za shaba, na zilikuwa zimeacha kuvaliwa karne nyingi kabla ya Homer. Mwimbaji hakuwahi kumwona mtu akiivaa. Wimbo ndio uliomletea.

Mtu wa dhahabu

Dokumentari karibu zote huanza na Heinrich Schliemann, mfanyabiashara Mjerumani aliyetajirika kisha akaamua kuitafuta Troy. Ni mhusika mtamu kwa filamu: tajiri, mkaidi, ana ndoto ya utotoni. Kilima alichochimba kinaitwa Hisarlik, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, karibu na mlango wa bahari wa Dardanelles.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba Frank Calvert, Mwingereza aliyeishi eneo hilo na ambaye familia yake ilimiliki sehemu ya kilima, alikuwa ameshaanza kuchimba hapo miaka ya 1860, na ndiye aliyemwelekeza Schliemann walipokutana mwaka 1868. Schliemann alikuwa na pesa, Calvert hakuwa nazo. Leo dunia inamjua nani?

Schliemann aliamini kwamba Troy ya Homer lazima iko chini kabisa. Akakata mtaro mkubwa katikati ya kilima kwa kutumia vibarua zaidi ya mia moja kutoka vijiji vya jirani. Hisarlik si mji mmoja. Ni miji iliyojengwa juu ya miji, tabaka tisa kuu, kuanzia takriban mwaka 3000 kabla ya Kristo. Katika haraka yake alipasua tabaka za juu na kutupa mawe, ikiwemo sehemu ya mji uleule aliokuwa akiutafuta.

Mwaka 1873 akapata dhahabu: mataji, hereni, mikufu, vikombe. Akaiita hazina ya Priam. Aliandika kwamba alipoona inang'aa aliwatangazia vibarua mapumziko ya chakula ili wasione, na mkewe Sophia akaibeba ndani ya shali yake. Hadithi nzuri kwa kamera. Lakini Sophia hakuwa Troy siku hiyo, alikuwa Athens, na Schliemann mwenyewe alikiri jambo hilo baadaye katika barua. Tena dhahabu hiyo ni ya tabaka la pili, la zaidi ya miaka 1,000 kabla ya wakati ambao Wagiriki wa kale wenyewe waliuhesabu kuwa wa vita vya Troy. Kama Priam aliwahi kuishi, hakuwahi kuigusa.

Hazina ilitoroshwa kutoka dola ya Waosmani, serikali ikamshtaki, akalipa fidia. Mwaka 1881 akawazawadia Wajerumani. Mwaka 1945, Berlin ilipoanguka, jeshi la Kisovieti likaibeba. Kwa miaka karibu 50 haikuonekana, hadi Warusi walipokubali mwaka 1993 kwamba wanayo. Mwaka 1996 ikaonyeshwa kwenye makumbusho ya Pushkin mjini Moscow. Yaani dhahabu iliyochukuliwa kwa hila ikachukuliwa tena kwa vita.

Angalia basi ni nani hayupo kwenye picha. Vibarua waliochimba, ambao majina yao wengi hatuyajui, waliambiwa waende kula wakati dhahabu inatoka. Ndiyo historia ya uchimbaji wa zamani kwa sura moja.

Mitungi sakafuni

Baada ya Schliemann kufa mwaka 1890, Wilhelm Dörpfeld, aliyekuwa akifanya naye kazi, alichimba tena mwaka 1893 na 1894. Alifukua kuta kubwa na nzuri za tabaka la sita. Hizi zilifanana na mji wa utenzi: minara, malango, mawe yaliyochongwa kwa ustadi. Dörpfeld akasema, hii ndiyo.

Kisha Carl Blegen wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, akachimba kuanzia 1932 hadi 1938, kwa subira ambayo Schliemann hakuwa nayo. Yeye aliona kwamba mji wa sita ulibomolewa na tetemeko la ardhi. Baada yake watu wale wale walibaki, wakatengeneza kuta, wakaendelea kuishi. Tabaka hilo linaitwa 7a. Na hapa ndipo mambo yanakuwa mazito.

Katika mji wa sita, ndani ya ngome kulikuwa na nyumba kubwa zilizosimama kwa nafasi. Katika 7a nafasi hiyo imejaa vyumba vidogo vidogo vilivyobanana, vingine vimeegemezwa kwenye ukuta wa ngome kwa ndani, ukuta mmoja unatumiwa na nyumba mbili. Na chini ya sakafu watu walizika mitungi mikubwa ya udongo, mmoja karibu na mwingine, mpaka mdomo wa mtungi ukawa sawa na sakafu, wakaifunika kwa bamba la jiwe. Juu yake walitembea na kulala. Kisha mji huo ukaungua. Blegen alikuta pia vipande vya mifupa ya watu mahali ambapo mtu hazikwi.

Blegen alisoma hivi: watu wa nje ya ukuta wamekimbilia ndani, wamejenga walipopata nafasi, wameweka akiba ya chakula wakijua kwamba mlango unaweza kufungwa muda mrefu. Wapo wataalamu wasiokubali. Wanasema huenda mji uliongezeka watu tu, au waliobomolewa nyumba na tetemeko walijijenga upya, na mitungi ya sakafuni ni ghala la kawaida linalotunza chakula kwenye ubaridi. Hoja yao ina uzito, kwa sababu mtungi hausemi umezikwa kwa hofu au kwa mazoea.

Lakini msomaji wa kambini akitazama mchoro wa tabaka 7a hahitaji kuelezwa maana ya nyumba mbili kushirikiana ukuta mmoja, au ya kuweka chakula pale unapolala. Labda sisi tunasoma kwa haraka kwa sababu tunajijua. Hilo nalo tulikumbuke: anayefanana na kitu anaweza kukielewa upesi, na anaweza pia kukilazimisha kifanane naye.

Mwaka 1985 BBC ilirusha mfululizo wa sehemu sita, In Search of the Trojan War, ulioongozwa mbele ya kamera na Michael Wood, mwanahistoria wa miaka thelathini na kitu. Naona bado ni mfululizo bora kuliko mingi iliyofuata. Wood anatembea kutoka Mycenae hadi Hisarlik hadi Hattusa, mji mkuu wa Wahiti huko Uturuki, ambako vibao vya udongo vinataja mji unaoitwa Wilusa, mfalme wake Alaksandu, na watu wa ng'ambo ya bahari wanaoitwa Ahhiyawa. Wataalamu wengi leo wanakubali kwamba Wilusa ndiyo Ilios, jina la pili la Troy, na Ahhiyawa ndio Waakea, yaani Wagiriki wa Homer. Vibao hivyo vinaonyesha ugomvi wa kisiasa wa miaka mingi kwenye pwani ile. Havitaji Helen, wala meli elfu. Kilichomtofautisha Wood ni kwamba alimpa mtazamaji nafasi ya kuona wataalamu wakibishana, na hakuficha kwamba yeye ana upande anaopenda.

Picha ya kompyuta

Kuanzia mwaka 1988 mpaka kifo chake mwaka 2005, Manfred Korfmann wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, aliongoza uchimbaji mpya. Timu yake ilipima ardhi kwa vifaa vya sumaku, ikapata handaki lililochimbwa kwenye mwamba mbali na ngome. Korfmann akasema: ngome tuliyoijua, yenye hekta 2 hivi, ilikuwa kichwa tu. Chini yake kulikuwa na mji wa kawaida wa hekta 25 hadi 30 na watu maelfu. Ghafla Troy ikawa mji mkubwa unaostahili vita vikubwa.

Mwaka 2001 maonyesho makubwa yalifunguliwa Stuttgart, na ndani yake kulikuwa na modeli ya mji huo, nyumba zimejazana hadi ukingoni. Mwanahistoria Frank Kolb, wa chuo hichohicho cha Tübingen, akapinga kwa sauti kubwa: nyumba zilizofukuliwa kweli nje ya ngome ni chache, zilizobaki mmezijaza ninyi. Mwaka 2002 wakakutana chuoni, wakabishana hadharani. Vyombo vya habari vya Ujerumani vikafuatilia kama mechi.

Ugomvi huo una faida kwetu watazamaji. Mwaka 2004, mwaka uleule filamu ya Hollywood ya Brad Pitt ilipotoka, kipindi cha BBC cha Horizon kilionyesha Troy ya Korfmann ikiinuka kwenye kompyuta, ukuta baada ya ukuta, paa baada ya paa. Ukiangalia huwezi kujua paa lipi lina ushahidi chini yake na lipi limewekwa na fundi wa kompyuta. Rangi ni moja. Kwenye karatasi mwanaakiolojia huchora ukuta aliouona kwa mstari mzito na ule anaoukisia kwa nukta nukta. Kompyuta inafuta nukta. Ukiona mji mzima umesimama kwenye skrini, jiulize: nukta ziko wapi?

Farasi mkubwa aliyetengenezwa kwa ajili ya ile filamu ya Brad Pitt sasa amesimama ufukweni mjini Çanakkale, karibu na Hisarlik, na watalii wanapiga naye picha. Hakuna ubaya. Ila baada ya miaka mingi mtoto atadhani alikuwepo.

Siku ya vita ina saa ngapi?

Upande wa vita wenyewe, kuna utafiti mmoja wa karibuni unaonipendeza kwa sababu ulitumia miili badala ya kompyuta. Mwaka 1960, huko Dendra, karibu na Mycenae, lilifukuliwa vazi zima la vita la mabamba ya shaba, la miaka takriban 3,500 iliyopita. Kwa muda mrefu watu walibishana: je, mtu anaweza kupigana akiwa amevaa kitu kile, au ni la sherehe tu? Mwaka 2024 watafiti wa Ugiriki wakachapisha matokeo yao. Wanajeshi 13 wa kikosi cha majini walivaa nakala ya vazi hilo na kufanya mazoezi ya mapigano kwa saa 11, kwa mpangilio uliotolewa kwenye Iliad, wakila chakula kinachofanana na cha wakati ule. Waliweza.

Sasa tumejua kwamba shujaa wa zama za shaba angeweza kupigana toka asubuhi hadi jioni. Vizuri. Lakini wakati yeye anapigana saa 11, nani alisaga nafaka aliyokula? Nani alifuma nguo iliyokuwa chini ya shaba? Swali hilo linatupeleka Pylos.

Orodha za Pylos

Mwaka 1939 Blegen yuleyule aliyechimba Troy alifukua jumba la kifalme kusini-magharibi mwa Ugiriki, mahali panapoaminika kuwa Pylos. Siku za mwanzo tu za kazi akakuta mamia ya vibao vya udongo vyenye maandishi yasiyosomeka. Miaka 13 baadaye, mwaka 1952, msanifu majengo Mwingereza, Michael Ventris, aliyavunja maandishi hayo. Watu walitarajia nyimbo za mashujaa. Kumbe ni hesabu: kondoo, mafuta, magurudumu, watu.

Makarani wa jumba hawakuwa na nia ya kuacha historia. Vibao vilikuwa vya udongo mbichi, vya kutumika kwa mwaka mmoja kisha kufinyangwa upya. Jumba lilipoungua, takriban mwaka 1180 kabla ya Kristo, moto ukavichoma vikawa kama matofali, vikadumu miaka zaidi ya 3,000. Moto uliomaliza jumba ndio uliotunza daftari lake.

Kati ya vibao hivyo kuna orodha za mamia ya wanawake pamoja na watoto wao: wasokotaji, wafumaji, wasagaji nafaka, wahudumu wa bafu. Makundi kadhaa yametajwa kwa mahali walikotoka, na mahali hapo ni upande wa mashariki wa bahari, pwani ya Uturuki ya leo na visiwa vyake: Miletus, Knidos, Lemnos. Kundi moja limepewa neno ambalo wataalamu wengi hulisoma kuwa mateka. Na mbele ya makundi kadhaa kuna kipimo cha nafaka na tini. Kibao kimoja kinasema: wanawake wa Miletus 16, wasichana 3, wavulana 7, kisha mgao wao.

Soma tena taratibu. Idadi ya kina mama, idadi ya watoto wa kike, idadi ya watoto wa kiume, walikotoka, kiasi cha chakula. Mtu yeyote aliyewahi kushika kadi ya mgao anaijua karatasi hiyo.

Wood aliipa habari hii sehemu yake ya nne nzima, na jina la sehemu hiyo ni wanawake wa Troy. Hakuna kibao cha Pylos kinachosema wanawake hawa walitekwa Troy. Lakini vinaonyesha kwamba kile ambacho utenzi unasema kilitokea kwa wanawake wa mji ulioanguka, kilikuwa kinatokea kweli kwa wanawake wa pwani ile, katika zama zile. Katika Iliad, Hector anamwambia mkewe Andromache anachokiogopa kuliko kifo cha baba na ndugu zake: kwamba ipo siku atachukuliwa hadi Ugiriki, atafuma kwenye kitanda cha kufumia cha mwanamke mwingine na kuchota maji kwa amri ya watu. Pylos kuna wafumaji. Wimbo na daftari vinakutana hapo.

Ila havikutunza kitu kilekile. Wimbo ulitunza jina, Andromache, na machozi yake, na mtoto wake aliyeogopa chapeo ya baba. Karani alitunza idadi. Wale wanawake 16 wa Miletus hawana jina hata moja kwenye kibao chao.

Sitaki tumcheke karani. Kama asingeandika, siku ile wangekosa chakula, na leo tusingejua kwamba waliwahi kuwepo. Wenzetu mnaofanya kazi na mashirika, orodha zenu zina kazi na tunaiona. Lakini orodha hujibu swali la aliyeiandika. Swali la Pylos lilikuwa: nitoe nafaka kiasi gani? Hakuna aliyeuliza: mlikuwa nani kabla ya kufika hapa?

Waliosimama jukwaani wenyewe

Wagiriki wenyewe hawakukaa kimya kuhusu jambo hili. Mwaka 416 kabla ya Kristo, Athens iliuvamia mji wa kisiwa cha Melos, uliokuwa umekataa kujiunga nayo. Uliposalimu amri, wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Mwaka uliofuata, 415, mwandishi wa tamthilia Euripides aliwaonyesha raia wa Athens, mbele ya macho yao, mchezo unaoitwa Wanawake wa Troy. Mashujaa karibu hawamo. Kuna Hecuba, malkia mzee, yuko chini mavumbini, na wenzake wanangoja kugawanywa kwa washindi.

Zaidi ya miaka 2,400 baadaye, mwaka 2013, kundi la wanawake wa Syria waliokimbilia Jordan walikusanyika mjini Amman kuigiza mchezo huo kwa Kiarabu, wakichanganya maneno ya Euripides na habari zao wenyewe. Yasmin Fedda alifuatilia mazoezi yao, na mwaka 2014 akatoa dokumentari, Queens of Syria. Hakuna kompyuta wala meli. Kuna kina mama kwenye viti, wanajifunza kupumua na kusema kwa sauti. Baadhi ya walioanza walijiondoa kabla ya siku ya onyesho, maana kuonekana kuna gharama kwa mtu ambaye ndugu zake wamebaki kwenye vita. Waliobaki walisimama.

Ninaiweka filamu hii kwenye hesabu ya dokumentari za Ugiriki wa kale bila wasiwasi. Nyingine zinauliza kama vita vya Troy vilitokea. Hii inawauliza watu ambao yamewatokea.

Tufanye nini na haya

Basi ukikutana na dokumentari nyingine ya Wagiriki, itazame, ufurahie mapanga. Lakini fanya kazi ndogo pembeni. Kila mara msimulizi akisema jambo, jiulize kimetoka wapi: ardhini, kwenye wimbo, au kwenye kompyuta? Vyote vitatu vinaruhusiwa, mradi visivalishwe nguo moja. Halafu hesabu waliotajwa na wasiotajwa. Vibarua wa Hisarlik, waliozika mitungi ya 7a, wasagaji wa Pylos: wakipewa dakika mbili kati ya sitini, umeshajua filamu ni ya nani.

Kazi ya pili ni yetu wenyewe. Kambi hujengwa kwa miti, udongo na maturubai. Mvua mbili tatu baada ya watu kuondoka, mwanaakiolojia hatapata hata ukuta. Kitakachobaki ni madaftari na kompyuta za ofisini, na humo tumeandikwa kama walivyoandikwa wale wa Miletus: wakubwa wangapi, watoto wa kike wangapi, wa kiume wangapi, walikotoka, kiasi cha mgao.

Jarida hili ni mahali pa kuandika nusu ya pili. Anza na mzee mmoja wa karibu yako. Muulize jina lake kamili na majina ya waliotangulia, jina la kilima au mto wa kwao, kazi aliyokuwa akifanya, na nani aliachwa njiani. Andika kwa lugha aliyoisema. Kama hataki jina lake litoke, liheshimu hilo, andika yale anayokubali. Uweke tarehe.

Na akija mtu na kamera, mkaribishe kwa adabu, mpe kiti, halafu kabla hajawasha mashine muulize amekuja kutafuta nini.